Kimya Kinacholiza: Mvuto wa Filamu za Zamani za Vita za Uingereza na Waliobaki Nje ya Picha

Ikisiri

Filamu za vita zilizotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1942 na 1958 zingali zinatazamwa na watu ambao hawakuviona vita hivyo, wengine wao wakiwa hawana uhusiano wowote na Uingereza. Makala haya yanadai kwamba mvuto wa filamu hizo unatokana na namna zinavyomtwisha mtazamaji uchungu ambao wahusika wanakataa kuuonyesha. Yanadai pia kwamba kimya hicho kilitungwa, na mara nyingi kilitungwa na wageni. Kwamba filamu bora zinakilipia gharama ilhali dhaifu zinakipata bure. Na kwamba ukimya huo huo una upande wa pili unaowahusu moja kwa moja askari waliosafirishwa kutoka Mombasa mwaka 1944.

Barua inayotupwa baharini

Katika filamu In Which We Serve (1942), iliyoongozwa na Noël Coward na David Lean, baharia mwandamizi aitwaye Hardy ameketi melini akimwandikia mkewe barua. Baharia kijana, Blake, anaingia na habari kutoka nyumbani. Mke wa Blake amejifungua salama, lakini nyumba imepigwa bomu na mke wa Hardy amekufa. Kijana anababaika, hajui aanzie wapi. Hardy anapoelewa, hapigi kelele wala haangui kilio. Anashukuru kwa kuambiwa, anasema amefurahi kwamba mke wa mwenzake yu salama, kisha anapanda sitahani na kuitupa baharini barua aliyokuwa akiiandika. Hadithi inaendelea.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa maana ya tukio hili. Katika matanga, ya pwani na ya bara, hupatikana mfiwa wa aina ya Hardy: anayewauliza wageni habari za safari yao na kuhakikisha kila mtu amepata chai, huku jamaa wakimtazama kwa hofu kuliko wanavyowatazama wanaolia. Tofauti ni kwamba matangani wapo waombolezaji. Mfiwa hujikaza kwa sababu wengine wanamlilia. Kilio kimegawanywa, kila mtu na fungu lake. Melini hakuna wa kumlilia Hardy. Filamu haimpi hata mwenzake mmoja wa kufanya kazi hiyo, na kwa hiyo kazi hiyo inaangukia ukumbini. Watazamaji ndio wanaogeuzwa waombolezaji.

Hapa ndipo penye siri ya mvuto wa filamu hizi. Mhusika anayelia kwenye skrini humruhusu mtazamaji kupumzika, maana kilio kimekwisha kuliwa. Mhusika anayenyamaza humwachia mtazamaji deni. Uingereza ya mwaka 1946 iliuza tiketi za sinema zaidi ya milioni 1,600, kiwango ambacho hakijafikiwa tena nchini humo, na si vigumu kukisia kwamba wengi waliokaa gizani walikuwa na barua zao wenyewe ambazo hazikufika. Hata hivyo mbinu hiyo haikomi kwa waliofiwa vitani. Mtu wa leo asiyejua tofauti ya manowari na meli ya mizigo hushikwa na tukio la Hardy vilevile, kwa sababu deni lile halimuulizi uraia.

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu mvuto huu ni tofauti. Husemwa kwamba filamu za vita za miaka ya 1950 zilikuwa faraja kwa taifa lililokuwa likipoteza dola yake: India ilikuwa imeondoka mwaka 1947, Suez ikawa fedheha mwaka 1956, na mtazamaji akarejea kwenye vita ambavyo mshindi wake alijulikana. Maelezo haya yana ukweli wake, na makala haya yatayarudia. Lakini yanaeleza kwa nini filamu zilitengenezwa kwa wingi kuliko yanavyoeleza kwa nini baadhi yake bado zinauma. Mtazamaji asiye na dola ya kuililia naye huguswa, na huguswa na chache tu kati ya hizo nyingi.

Kimya kilichotungwa

Ni kosa kuuchukulia ukimya huu kuwa tabia ya asili ya Waingereza iliyonaswa tu na kamera. Ulikuwa kazi ya sanaa, na sanaa hiyo ilikuwa na ofisi. Wizara ya Habari ya Uingereza ilikuwa na idara ya filamu, na idara hiyo ilishauri, ilisaidia, ilikagua, na wakati mwingine ilitoa fedha. Filamu 49th Parallel (1941) ilipata fedha zake za mwanzo humo. Millions Like Us (1943), inayowahusu wanawake waliopelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha ndege, ilizaliwa kutokana na haja ya serikali ya kuwavuta wanawake viwandani. Mwishoni mwa filamu hiyo kijana mjane, Celia, ameketi katika ukumbi wa chakula kati ya wafanyakazi wenzake wanaoimba. Polepole naye anajiunga na wimbo. Serikali ilihitaji wafanyakazi. Filamu ikatoa mwanamke anayejifunza kupumua tena. Haja ya kwanza imekwisha zamani, na Celia bado anaimba.

Jambo la pili linalosahaulika ni nani waliokuwa wakiutunga huo uitwao moyo wa Kiingereza. Emeric Pressburger, aliyeandika 49th Parallel na kisha The Life and Death of Colonel Blimp (1943), alikuwa Myahudi mzaliwa wa Hungary aliyewahi kufanya kazi katika studio za Berlin kabla ya kuwakimbia Wanazi. Alberto Cavalcanti, mwongozaji wa Went the Day Well? (1942), filamu ya kutisha kuhusu kijiji cha Kiingereza kinachovamiwa na Wajerumani waliojifanya askari wa Kiingereza, alizaliwa Brazil. Anton Walbrook, anayeigiza ofisa wa Kijerumani katika Colonel Blimp, alikuwa Mwaustria aliyewakimbia Wanazi. Inawezekana kwamba ni mgeni tu, aliyelazimika kujifunza ni lini watu wa nchi hii hunyamaza na ni lini husema, aliyeweza kuandika kimya hicho kwa usahihi.

Tukio bora kuliko yote katika Colonel Blimp linamhusu mgeni. Theo, ofisa wa zamani wa Kijerumani, sasa mzee na mkimbizi, ameketi mbele ya ofisa wa uhamiaji wa Uingereza akieleza kwa nini amekuja. Anaongea kwa sauti ya chini kwa muda mrefu kuhusu mke aliyefariki na watoto aliowapoteza kwa kuwa wamekuwa Wanazi. Hatikisiki. Mwaka ambao London ilikuwa ikipigana na Ujerumani, filamu ya London ilimpa Mjerumani maneno yake yenye heshima kuliko yote.

Kisa cha filamu hiyo kina uzito kwa yeyote anayehusika na sera ya utamaduni. Waziri Mkuu Winston Churchill alitaka izuiwe, kwa hofu kwamba ingelidhihaki jeshi. Laurence Olivier hakuachiliwa aigize, nafasi hiyo ikaenda kwa Roger Livesey. Waziri wa Habari, Brendan Bracken, alimjibu Churchill kwamba wizara yake haikuwa na mamlaka ya kuizima. Filamu ikacheleweshwa kupelekwa nje, lakini ikaonyeshwa. Zile zilizoitii wizara kwa ukamilifu zaidi zimebaki kuwa kumbukumbu za wanahistoria. Hii iliyoikera serikali ndiyo inayotajwa leo kila inapoulizwa sinema ya Uingereza iliwahi kufanya nini cha maana wakati wa vita. Wizara yoyote ya utamaduni, Dodoma, Nairobi, Kigali au Kampala, inaweza kujiuliza ni mswada gani ulioko mezani kwake leo wenye bahati ya kuikera.

Wizara moja, hadhira mbili

Idara iliyokuwa ikiisaidia sinema ya London kuwa na kina ilikuwa na dawati lingine. Mwaka 1939 Wizara ya Habari iliunda Kitengo cha Filamu za Makoloni, kikiongozwa na William Sellers, aliyekuwa na uzoefu wa kuonyesha filamu za afya nchini Nigeria. Sellers aliamini kwamba Mwafrika asiyezoea sinema hawezi kufuata picha zinazorukaruka. Filamu za kitengo chake zilipaswa kwenda polepole, kwa mstari ulionyooka, bila ya kurudi nyuma katika wakati, kila tendo likionyeshwa hadi mwisho.

Ulinganisho hauhitaji kukolezwa. In Which We Serve imejengwa karibu yote kwa kumbukumbu: mabaharia wanaelea wakishikilia boya la kuokolea, na kila mmoja anarudishwa nyumbani kwake kwa mawazo, mara moja, mara mbili, huku mtazamaji akiachiwa kuunganisha vipande. Kwa hadhira ya Uingereza wizara iliamini kwamba watu wanaweza kufahamu hata kile kisichosemwa. Kwa hadhira ya Tanganyika au Uganda iliamini kwamba hata kinachosemwa lazima kirudiwe. Kimya, kwa maana ya makala haya, ni heshima anayopewa mtazamaji: anaaminiwa kwamba atajaza pengo. Heshima hiyo iligawiwa kwa ramani. Jamii zilizokua na mafumbo, vitendawili na mashairi ya kujibizana ndizo zilizoamuliwa kwamba haziwezi kuelewa fumbo.

Gharama ya kujikaza

Baada ya vita, ukimya ulipokwisha kuwa desturi ya utanzu, ulianza kupatikana kwa bei rahisi. Reach for the Sky (1956), kuhusu rubani Douglas Bader aliyepoteza miguu yote miwili na kurudi angani, iliwavuta watazamaji wengi kuliko filamu nyingine za Kiingereza za mwaka huo. Ni filamu ya kupendeza, na tatizo lake ni huko kupendeza. Bader anajikaza tangu mwanzo hadi mwisho, na kujikaza huko hakumgharimu kitu ambacho filamu iko tayari kukitazama kwa muda mrefu. Mtazamaji anatoka akimsifu, bila ya deni.

The Dam Busters (1955) ni ngumu zaidi kuihukumu. Inasimulia shambulio la usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Mei 1943 dhidi ya mabwawa ya Ujerumani. Kati ya ndege 19 zilizoondoka, 8 hazikurudi, na watu 53 waliuawa. Ushangiliaji unaotarajiwa haupo mwishoni. Kuna vyumba vitupu, vitu vya waliokufa vikiwa vimekaa mahali pake, na kiongozi wa kikosi, Gibson, anayesema ana barua za kuandika kisha anaondoka peke yake. Barua tena: ile ya Hardy ilitupwa, hizi zitafika. Kwa dakika hizo chache filamu inalipa gharama yake yote.

Gharama nyingine hailipi. Mafuriko ya usiku ule yaliua takriban watu 1,600 mabondeni, wengi wao wafungwa wa vita na vibarua waliokuwa wamelazimishwa kufanya kazi Ujerumani. Filamu inaonyesha maji yakiingia kiwandani, kisha inageuka. Halafu kuna mbwa. Mbwa mweusi wa Gibson alikuwa na jina ambalo ni tusi kwa watu weusi. Jina hilo ndilo lililotumika kama neno la siri la kutangaza kwamba bwawa la Möhne limebomoka, na hivyo katika filamu linatamkwa kwa furaha na watu wanaostahili kupendwa. Vituo vya televisheni vimelifuta au kulibadili katika baadhi ya maonyesho ya miaka ya baadaye. Kulifuta kunaweza kuitwa adabu, lakini kunaharibu ushahidi. Mtazamaji Mwafrika anapolisikia neno lile hujua ghafla kwamba alipoalikwa kuomboleza hakuwa amehesabiwa miongoni mwa walioalikwa. Ujuzi huo ni sehemu ya kuitazama filamu, na hauna sababu ya kufichwa.

Mfano mwema wa kimya kinacholipiwa ni Ice Cold in Alex (1958) ya J. Lee Thompson. Gari la wagonjwa linavuka jangwa kutoka Tobruk kwenda Alexandria likiwa na kapteni mlevi aliyevunjwa na vita, sajenti wake, muuguzi, na mtu anayejiita Mwafrika Kusini lakini ni jasusi wa Kijerumani. Watu hawa karibu hawaelezani hisia zao. Wanafanya kazi. Wanalipandisha gari kwenye mlima wa mchanga kwa kuizungusha injini kwa mkono, zamu kwa zamu, hatua kwa hatua, na karibu na kilele linateleza hadi chini. Wanaanza upya. Upendo wa filamu hizi kwa kazi ya mikono, kwa hendeli, ramani, kamba na chati, ni sehemu ya mvuto ambayo wahakiki huipita haraka mno. Yeyote aliyewahi kusukuma basi lililokwama matopeni pamoja na abiria asiowajua anaelewa jinsi jasho linavyoweza kusema yale ambayo mazungumzo yasingeyafikia. Na jasho hilo ndilo linalowafanya wenzake, mwishoni, wamlinde jasusi asipigwe risasi.

The Bridge on the River Kwai (1957), ya David Lean yuleyule, inaichukua sifa hii ya kupenda kazi na kuigeuza maradhi. Kanali Nicholson anajikaza mbele ya mateso hadi anashinda, kisha nidhamu ileile inamfanya ajenge daraja bora kwa ajili ya adui. Tangu hapo isingewezekana tena kumtazama ofisa anayejikaza bila ya kuuliza anajikazia nini. Nayo ina kipofu chake: katika reli ya kweli kati ya Siam na Burma walikufa wafungwa wa vita zaidi ya 12,000, na vibarua wa Kiasia waliokufa walikuwa wengi mara kadhaa kuliko hao. Vibarua hao hawana nafasi katika maumivu ya filamu.

Mwaka 1955

Dola iliyotajwa awali inarudi hapa. Mwaka uleule wa The Dam Busters, kampuni za London zilitoa Simba, iliyoongozwa na Brian Desmond Hurst na kuigizwa na Dirk Bogarde, kuhusu walowezi wa Kenya wakati wa Mau Mau. Mwaka huohuo Kitengo cha Filamu za Makoloni kilifungwa. Katika Simba mtindo ni wa filamu za vita: Mzungu anayejikaza, nyumba inayongoja usiku, hofu inayomezwa. Lakini mtindo umegoma. Kimya cha Hardy kilikuwa na nguvu kwa sababu Hardy hakuwa na uwezo juu ya bomu lililomwua mkewe. Mlowezi mwenye bunduki, shamba na serikali nyuma yake anaponyamaza, kimya chake kinasikika kama kukataa kujibu swali. Kwa upande wake, Daktari Karanja, anayeigizwa na Earl Cameron, ndiye mhusika pekee ambaye ukimya wake una uzito wa kweli, kwa kuwa ana watu wawili wa kuwapoteza: wagonjwa wake na baba yake. Filamu haikujua ilikuwa imemweka mhusika wake mkuu pembeni.

Bahari ya Hindi, 12 Februari 1944

Filamu iliyolipa gharama kubwa kuliko zote ni The Cruel Sea (1953) ya Charles Frend, kutokana na riwaya ya Nicholas Monsarrat. Manowari ndogo ya kusindikiza misafara, Compass Rose, inakuta mabaharia wa meli iliyozamishwa wakielea. Wakati huohuo chombo cha kusikiliza kinaashiria kwamba nyambizi iko chini yao. Waliomo majini wanaiona meli ikija, wanapunga mikono, wanadhani wanaokolewa. Kapteni Ericson anaamuru mabomu ya kulipuka chini ya maji yatupwe. Hakuna dalili ya nyambizi inayoonekana baadaye. Ericson, anayeigizwa na Jack Hawkins, anatokwa na machozi. Baada ya miaka 11 ya wanaume wasiolia, machozi yale yana nguvu ya kitu kinachovunjika.

Jambo la namna hiyo lilitokea kwa kweli katika Bahari ya Hindi. Meli ya kusafirishia askari Khedive Ismail iliondoka Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944 kuelekea Colombo, ikiwa na zaidi ya watu 1,500, miongoni mwao mamia ya askari wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi na wanamaji. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga, ikazama kwa dakika chache. Nyambizi ilijificha chini ya watu waliokuwa wakielea. Kati ya manowari za Kiingereza Petard na Paladin, zilizokuwa zikisindikiza, Petard ilitupa mabomu ya chini ya maji mahali walipokuwa manusura. I-27 iliibuka na hatimaye ikazamishwa. Watu karibu 1,300 walikufa. Waliookolewa hawakufika 220.

Kila sehemu ya tukio la Ericson imo humo: kapteni, chombo cha kusikiliza, mikono inayopungwa, uamuzi. Kilichobadilika ni nyuso za waliomo majini na lugha wanayoitia. Katika filamu, watu hao ni mabaharia wa Kiingereza, na baada ya dakika chache kamera inawaacha na kurudi kwa Ericson, kwa sababu hadithi ni ya uchungu wa aliyeamuru. Huo ni uamuzi halali wa kisanaa, na ndio uliozaa tukio bora katika utanzu mzima. Lakini unaonyesha pia mbinu ya kimya inafanya kazi kwa nani: kwa yule ambaye filamu inabaki naye baada ya mlipuko. Filamu za hadithi za miaka ile zilizokwenda Burma, kama The Purple Plain (1954) na Yesterday's Enemy (1959), hazikubaki na askari wa Afrika Mashariki, ingawa Divisheni ya 11 ilikuwa imepigana huko, na Kiswahili kilikuwa lugha ya amri katika vikosi vya KAR.

Hoja ya kwamba Afrika Mashariki inahitaji filamu ya mashujaa wake wa Burma ni rahisi kutolewa, na inaelekea moja kwa moja kwenye Reach for the Sky: bendera, medali na muziki. Historia ya utanzu huu inaonyesha njia nyingine. Kinachohitajika ni chumba kidogo na barua. Barua ya kumweleza mzazi wa Machakos, Gulu au Songea kwamba mwanawe amezama ilipaswa kuandikwa na mtu fulani, kwa lugha fulani, kusomwa na mtu anayejua kusoma mbele ya mtu asiyejua, na msomaji huyo alilazimika kuchagua la kutamka na la kumeza. Mtoto wa shule aliyeitwa kusoma barua ile, karatasi mkononi, mama wa marehemu akiwa ameketi mkekani akimtazama midomo, ana kimya kizito kuliko cha Hardy. Tukio hilo halijapigwa picha. Majina ya waliozama yamechongwa katika mnara wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, ambako geti hufunguliwa na mtu yeyote anaweza kuingia na kuyasoma kwa sauti.